Usingoje Kuugua Ndipo Ulalamikie Kiwanda

Msimu wa kusi ukiingia, simu za ofisi yetu ya mazingira hapa Mombasa huongezeka. Upepo husukuma moshi wa viwanda kuelekea majumbani, nguo zilizoanikwa hushika masizi, na mkaazi wa Changamwe au Mikindani aliyevumilia kwa muda mrefu huamua kupiga simu. Tunashukuru anapopiga. Lakini malalamishi mengi hayafiki mbali. Hukwama kwa kukosa mambo ambayo mlalamishi anayajua vyema, ila hakuyasema.

Kabla ya hayo, kuna dhana kwamba asiyeumia hana kesi. Sijui ilitoka wapi. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki yake ya mazingira safi inapokiukwa au kutishiwa, wala hakimlazimu kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Tishio linatosha. Hata hivyo, wengi hutujia wakiwa tayari na karatasi za hospitali mkononi.

Gharama ya kuchelewa tunaijua hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru mwaka 2007 na kikafungwa 2014. Madini ya risasi yaliingia hewani, udongoni na katika damu ya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Risasi iliyokwisha kuingia katika ubongo wa mtoto haitolewi na hukumu.

Dhana ya pili ni ya rangi. "Moshi mweupe ni mvuke tu, mweusi ndio sumu." Hapana! Mitambo ya umeme ya Kipevu huchoma mafuta mazito, masalia ya kusafisha mafuta ghafi, nayo yana salfa. Salfa ikiungua hutoa gesi isiyo na rangi kabisa, inayochoma koo na kumbana mwenye pumu. Sisemi kwamba mtambo fulani umevuka kiwango. Hilo husemwa na vipimo. Nasema jicho halipimi hewa.

Sasa utaratibu. Tuandikie tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokatika, mahali ulipokuwa umesimama, na upepo ulikotoka. Kama ni maji machafu, taja mtaro wenyewe na mahali unapoingilia horini, si "kule Makupa" tu. Picha inasaidia, lakini haichukui nafasi ya sampuli. Sampuli huchukuliwa na mkaguzi wa mazingira, kwa sababu lazima ifungwe, itiwe alama na ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa ndipo cheti cha uchunguzi kikubalike mahakamani. Chupa ya maji uliyojaza mwenyewe tutaipokea kwa heshima, ila wakili wa kiwanda ataitupa nje kwa swali moja.

Mkaguzi ana uwezo wa kuingia kiwandani saa za kawaida bila hati ya mahakama. Anaweza pia, kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, kuamuru kiwanda kifungwe papo hapo. Kuna agizo la urejeshaji vilevile, linalomtaka mchafuzi arudishe mahali palivyokuwa kwa gharama yake. Anayepatikana na hatia ya kuchafua mazingira hutozwa faini ya kuanzia shilingi milioni mbili hadi milioni tano, na mahakama inaweza kumwongezea gharama za usafishaji. Asiyeridhika na uamuzi wa leseni ya mazingira ana siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira. Siku ya 61 usije kutulaumu.

Na tafadhali, leseni si kinga. Kiwanda chenye leseni hufanyiwa ukaguzi wa mazingira, na leseni yenyewe inaweza kusimamishwa au kufutwa.

Mafuta yakimwagika baharini, piga simu saa ile ile. Mikoko hupumua kwa mizizi inayochomoza matopeni. Mafuta yakiifunika, mti hukosa hewa. Aprili 2005 meli ilimwaga mafuta katika hori ya Port Reitz, na mikoko mingi ikafa.

Lipo jambo ambalo wakaazi hawapendi tulitaje. Wako wanaovunja betri uani na kuyeyusha risasi wapate chubwi za mishipi. Ni biashara ndogo, najua, na samaki hawajali chubwi imetoka wapi. Lakini sumu ni ile ile ya Owino Uhuru, na sheria haiulizi ukubwa wa jiko. Betri kuukuu ipelekwe kwa mwenye leseni ya taka hatari. Asidi isimwagwe mtaroni, na pale palipoyeyushiwa pasipandwe mchicha wala watoto wasichezee mpaka udongo upimwe.