Muswada Haukupita kwa Mlango wa Nyuma: Orodha ya Ridhaa ya Bunge la California

Vikao vya kamati vikipamba moto Sacramento, simu huanza: "Mbona muswada umepita bila mjadala? Nani kalipwa?" Tunawashukuru wanaofuatilia Bunge la California. Ila muswada huo haukufichwa. Ulikuwa kwenye orodha ya ridhaa, yaani orodha ya miswada isiyopingwa, inayopigiwa kura bila mjadala, na utaratibu wake umo katika kanuni za pamoja za mabaraza yote mawili.

Masharti ya kuingia humo ni matatu, na yote lazima yatimie. Wajumbe wa kamati waliohudhuria, akidi ikiwa imetimia, waupitishe kwa kauli moja. Akitokea mmoja wa kusema hapana, imeishia hapo. Asiwepo mtu yeyote kikaoni aliyepinga toleo la mwisho la muswada, na yeyote ni yeyote, si mbunge peke yake. Tena mwenye muswada, yaani mbunge aliyeuleta, awe ameomba mwenyewe kabla kamati haijaamua. Mwenyekiti akithibitisha, muswada husomwa mara ya pili, huingizwa kwenye orodha, na haupigiwi kura mpaka siku ya pili ya kikao baada ya hapo. Siku hizo si mapambo. Mbunge mmoja akiweka pingamizi, muswada hurudishwa kwenye foleni ya kusomwa mara ya tatu na kujadiliwa kama mingine. Ukirekebishwa ukumbini, huondoka vilevile.

Miswada mingi ya orodha hii ni ya kusahihisha vifungu au kusogeza tarehe ya ripoti. Hakuna anayetamani hotuba za hayo, nami nikiwemo.

Narudia, maana hili halisikiki: kura hupigwa. Katiba ya jimbo inataka kura ya majina, iandikwe kwenye kumbukumbu, na ifikie zaidi ya nusu ya wajumbe wote: 41 kati ya 80 katika baraza la chini, 21 kati ya 40 katika Seneti. Kisichokuwepo ni mjadala tu. Na gavana bado anaweza kuukataa.

Wengine huchanganya na muswada wa dharura. Huo ni habari nyingine: unahitaji theluthi mbili, yaani 54 na 27, ndipo sheria ianze kutumika mara moja. Sheria ya kawaida, hata ikipitia orodha ya ridhaa, kwa kawaida husubiri Januari 1.

Anayepinga afanyeje? Barua ya "nina wasiwasi kidogo" kwa kawaida haihesabiwi kuwa upinzani. Andika "napinga", au "napinga usiporekebishwa", kisha fika kikaoni. Taja jina lako, unakotoka na msimamo wako; wakili hahitajiki. Kuja siku ya kura na bango mkononi hakusaidii, kwani raia hazungumzi ukumbini. Uliyechelewa una njia moja: mpigie mbunge wako kabla ya kura, umwombe aweke pingamizi. Msaidizi wake atapokea. Ila uwe na namba ya muswada, tafadhali. Ukimwambia "ule wa maji", ya maji ni mingi.