Mbu aliwahi, ndege akachelewa

Mimi ni mwanaikolojia, na mara nyingi watu huniuliza kama mimea na wanyama watazoea joto linaloongezeka. Kabla ya kujibu, hutaka kwanza kujua kiumbe anayeuliziwa huchukua muda gani kupata kizazi kipya.

Kule Amerika ya Kaskazini kuna mbu aitwaye Wyeomyia smithii. Viluwiluwi vyake huishi katika maji yaliyotuama ndani ya majani ya mmea unaonasa wadudu. Mchana unapofupika, viluwiluwi huacha kukua, vikalala mpaka baridi kali ipite. Watafiti William Bradshaw na Christina Holzapfel walilinganisha mbu wa 1972 na wa 1996, wakaona kwamba wale wa kaskazini sasa hulala takriban siku 9 baadaye. Si kwamba mbu walijifunza. Jeni zenyewe zilibadilika: waliochelewa kulala waliutumia vizuri msimu uliorefuka, wakaacha watoto wengi zaidi. Mti unaongoja miongo kadhaa kabla ya kutoa mbegu hauwezi kwenda na kasi hiyo.

Lakini hata kubadilika hakutoshi kama huendi kwa mwendo mmoja na unayemtegemea, na hapa ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Ndege mdogo Ficedula hypoleuca hukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi, kisha huruka hadi Ulaya kuzaa. Makinda yake hulishwa viwavi, na viwavi hutokea mapema au kwa kuchelewa kulingana na joto la huko huko misituni. Ndege aliye mbali maelfu ya kilomita hawezi kulihisi joto hilo. Urefu wa mchana ndio unaomwongoza zaidi kujua wakati wa kuondoka. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba katika misitu ya Uholanzi ambako viwavi huwahi zaidi, ndege hawa walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 90. Kiwavi amebadilika, ndege naye amejitahidi kubadilika, ila hawakwenda kwa mwendo mmoja.

Viumbe wengine huhama, wakielekea kwenye ncha za dunia au kupanda milima, mradi pawepo pa kwenda. Panya wa Bramble Cay, kisiwa kidogo cha mchanga nchini Australia, hakuwa na pa kwenda maji ya bahari yalipozidi kuifunika mimea aliyoila. Serikali ilitangaza mwaka 2019 kwamba ametoweka.

Kasa nao wana shida ya aina yake: joto la mchanga ndilo linaloamua yai litoe dume au jike, na mchanga wenye joto zaidi hutoa majike. Kaskazini mwa Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, karibu kasa wote wachanga wa kijani waliochunguzwa walikuwa majike.

Kwa miti, naunga mkono kuisaidia kuhama. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilianza 2018 kuchagua mbegu za kupanda misitu kwa kuangalia hali ya hewa itakayokuwepo mche utakapokua, hata ikibidi mbegu zitoke maeneo yenye joto zaidi.