Kaunsela wa familia si chifu

Huku Nakuru watu wakiambiwa waende kwa kaunsela wa familia wanajipanga kama wanaenda barazani kwa chifu, mama amebeba skrinshoti za WhatsApp, baba amepanga hoja zake, kila mtu anangoja iamuliwe nani ndio mwenye makosa. Zii, haiendi hivyo. Vikao vya kwanza huwa ni vya kupima mahusiano, na kaunsela anaona vitu hata hamjui mnaonyesha: nani amekaa karibu na nani, nani anamjibia mwenzake.

Chukua mama na kijana wa fomu tatu wanaozozana kila siku juu ya kuchelewa kurudi nyumbani. Badala ya kuwauliza wao, kaunsela anamgeukia dada mdogo: "Mama akianza kufoka, baba hufanya nini?" "Anatoka nje kuosha gari." Sasa hapo ndio kuna stori, maana pengine hiyo vita ya mama na kijana inafunika ya mama na baba ambayo haijawahi kuongelewa. Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, aliita hiyo pembetatu, wawili wakishindwana wanamvuta wa tatu.

Kaunsela anaweza pia kuchora ukoo wenu vizazi vitatu, wanaume miraba, wanawake miduara, mstari wa zigizaga kwa wanaogombana, so usishangae ukiulizwa kuhusu shosho.

Lakini kama kuna kipigo nyumbani hiyo ni ingine kabisa, kila mtu anafaa kuulizwa peke yake kwanza, juu nani atasema ukweli na aliyempiga amekaa hapo kando?