Herufi kubwa haitoshi: dhana potofu kuhusu injini za roketi ndogo

"Weka G tu, ndiyo kubwa." Wengi wanaoanza na roketi za nguvu ya kati, zile za injini za herufi E, F na G, huchagua hivyo. Herufi hupima jumla ya msukumo, na kikomo chake huongezeka maradufu kila hatua: E hufika nyutoni-sekunde 40, F 80, G 160. Haikwambii msukumo huo unatoka kwa kasi gani. Hiyo ni kazi ya namba inayoifuata: F15 husukuma kwa wastani wa nyutoni 15, F50 kwa 50.

Aliyewahi kusukuma mtumbwi kutoka mchangani pale Igombe, Mwanza, anajua tofauti. Wawili wakihangaika nao tangu alfajiri, hautikisiki. Waje sita, haya twende, uko majini. Roketi ya kilo 1 ina uzito wa karibu nyutoni 10, na kanuni ya wazoefu ni msukumo wa mara tano ya uzito inapoondoka, yaani nyutoni 50. Ukiitia F15 itajikongoja kwenye reli ya kurushia, itoke bila kasi ya kutosha mapezi kuinyoosha, kisha ilale upande inaotaka yenyewe. Na uipime ikiwa na injini ndani, jamani. Mizani ya kupimia dagaa inatosha.

"Namba ya baada ya kistari ni mapambo." Dhana hii ndiyo iliyonigharimu zaidi. Namba hiyo, kama 4 katika F15-4, ni sekunde za kungoja tangu msukumo uishe hadi baruti ndogo iliyo ndani itoe parachuti, na parachuti inatakiwa kutoka roketi ikiwa kileleni, imekaribia kusimama. Niliwahi kuweka ya -4 palipohitaji -7. Parachuti ilifunguka roketi ingali inakimbia, kamba ikalipasua bomba la karatasi kama mtu anayefungua zipu, sentimita kumi hivi. Ukikosea upande wa pili, yaani ukangoja mno, roketi inarudi kichwa chini. Siku hizi hesabu naifanyia OpenRocket, programu ya bure, kabla ya kununua chochote. Ukiona 0 baada ya kistari, iache: hiyo ni ya sehemu ya chini ya roketi ya hatua mbili.

"Mwanza tuko karibu na ikweta, zitapaa zaidi." Ikweta huisaidia setilaiti, ndiyo maana setilaiti ya Uhuru ilirushwa mwaka 1970 kutoka jukwaa la San Marco, nje ya pwani ya Malindi. Roketi yako haizunguki dunia. Kinachoisaidia kidogo ni mwinuko: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi.

"Upepo unavuma kwenda nchi kavu, basi haiwezi kwenda ziwani." Inapopanda, mapezi huigeuza iukabili upepo. Kwa hiyo upepo wa mchana wa kutoka ziwani huivuta ziwani kwanza, ndipo parachuti irudishwe nchi kavu, ikibahatika. Injini dhaifu hugeuzwa zaidi. Mimi narushia mbali na maji, asubuhi kukiwa shwari, na ruhusa mkononi.

"Nitazibeba injini kwenye begi la ndege." Hapana, si la mkononi wala la chini, ni mzigo hatari. Kujipikia injini nyumbani? Vidole havina spea.