Baada ya dhoruba, usikimbilie kupanda mikoko

Kila likipita bamvu kubwa, yaani yale maji ya bahari yanayojaa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, likala ufukwe, wiki hiyohiyo utaona watu washabeba miche ya mikoko, wanafunzi wa skuli, viongozi, fulana mpya, picha zinarushwa mitandaoni, na mie nafurahi kuona watu wanaijali pwani yao, wallahi nafurahi, lakini kazi yangu ni hiyohiyo mikoko na lazima niseme: miche mingi ya namna hii inakufa, na inakufa manake imepandwa pasipo pake.

Mikoko ina aina nyingi, na kila aina ina mpaka wake. Mbele kabisa baharini hukaa mlilana, nyuma yake ndo mkoko wenyewe, ule wa mizizi iliyotanda kama mikono ya pweza, halafu msinzi na mkandaa, na juu karibu na nchi kavu utakuta mchu, ingawa mchu unavumilia mengi na mara nyengine uko hata mbele. Kila mti una kiasi chake cha kukaa majini. Sasa mbegu ya mkoko ni ndefu, imeshaanza kuota ikiwa bado mtini, unaichomeka tu kwenye tope imekwisha, ndo maana kila mtu anapanda huohuo, na anaupanda kwenye tope tupu la mbele kwa sababu pale hapana mwenyewe. Lakini pale pana sababu ya kuwa patupu! Bahari yetu wakati wa bamvu inapanda na kushuka karibu mita 4, ukisogea kidogo tu mbele ushaongeza masaa ya mche kuwa chini ya maji, haupumui, mawimbi yanaung'oa, ukirudi baada ya miezi hakuna kitu.

Kwa hiyo anzeni na maji, miche baadaye. Ulizeni wazee hapa palikuwa na mikoko? Ilikufa kwa nini? Mara nyingi utakuta mkondo umezibwa na mchanga wa dhoruba au barabara imekatiza maji hayaingii wala hayatoki, basi chimbeni mkondo, maji yakianza kwenda na kurudi na watu wakaacha kukata, mbegu zinakuja zenyewe na maji kutoka miti ya jirani, kila moja inakamata pale inapopaweza. Hii kazi haina picha nzuri na inataka miaka, wafadhili wengi hawana subira nayo. Kupanda kwa mkono ni pale tu ambapo hapakubaki miti ya kutoa mbegu.

Pemba suala hili ni zito zaidi kwa sababu ya mabonde ya mpunga. Kuna sehemu, Kisiwa Panza mojawapo, bahari imeingia mpaka kwenye mashamba, na mtu hapendi kuambiwa bonde alilolima babu yake liachiwe mikoko. Namuelewa. Kama tuta la kukinga bonde linaweza kusimama, likawa na mlango wa kuzuia maji ya bahari na kutoa ya mvua, masika yanaiosha chumvi kidogokidogo na mpunga unaweza kurudi. Ila kama tuta linabomoka kila bamvu, mie naona mnajichosha bure, bora mikoko ishike, mpate kaa, samaki wadogo wapate pa kukulia, mtundike na mizinga ya nyuki.

Visiwa hivi vishabadilika baada ya balaa zamani. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli za Sultan Barghash bandarini, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, bei ya karafuu ikapanda, watu wakazidi kupanda huko na Pemba ndo ikawa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Tusisahau lakini kwamba waliobeba mzigo wa kupanda upya ni watumwa, soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 tu na utumwa wenyewe uliendelea miaka mingine mingi. Ndo maana nikisikia "jamii imesimama tena" nauliza nani kafanya kazi na nani kafaidika.

Swali hilo liko hata kwenye mwani. Kilimo kimeanza mwisho wa miaka ya 1980, wengi wao wakulima ni wanawake, na cottonii, ule wenye bei, unakufa maji ya kina kifupi yakipata joto, wamebaki na spinosum wa bei ndogo. Wanaambiwa wahamie maji makubwa. Sawa, maji ya huko ni baridi zaidi, lakini mama ambaye hajui kuogelea na hana chombo atafikaje? Mradi wowote wa kuinua pwani uweke kwanza kwenye bajeti boti na mafunzo ya kuogelea kwa kina mama hawa, kabla ya kamba na mbegu.