Kangaruu haina maana ya "sielewi"

Kwenye magrupu ya waongoza watalii hapa Arusha kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: eti Mzungu alimwuliza mwenyeji wa Australia jina la yule mnyama mrukaji, akajibiwa "kangaruu", yaani "sielewi". Kichekesho kitamu, hata mimi nilishakicheka, ila si kweli.

Neno limetoka katika lugha ya Guugu Yimithirr, kaskazini-mashariki mwa Australia, ambako "gangurru" ni aina moja ya kangaruu wakubwa. Mabaharia Waingereza waliliandika mwaka 1770. Waliofika Sydney mwaka 1788 walikuta wenyeji hawalijui, kwa kuwa lugha ya kule ni nyingine. Ni kama kumsalimia Mmasai wa Monduli kwa Kichaga.

Kabla ya kusambaza tena, fungua kamusi ya Kiingereza inayoonyesha asili ya maneno. Ukishaona, uache ujumbe uishie kwako.