Ndoano Inayolegea Ndani ya Risasi: Tatizo Haliko Kwenye Moto

Kila ninapozungumza na mvuvi wa fimbo wa Igombe au Luchelele, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, aliyeanza kujitengenezea chambo cha risasi (ndoano iliyomiminiwa kichwa cha madini ya risasi kwenye shina lake), maelezo ninayopewa kuhusu ndoano inayolegea ni yaleyale: risasi haikupata moto wa kutosha, kwa hiyo haikushikana na chuma, na dawa yake ni kuongeza mkaa. Wiki hii nimeyasikia tena kutoka kwa kijana aliyeipasha risasi hadi ikafunikwa na utando wa manjano, huku ndoano zake zikizunguka vilevile. Naomba tulimalize jambo hili.

Risasi haishikani na chuma kitupu. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi, na ukiipeleka hadi 400 au 500 bado haitaungana na shina la ndoano. Italizingira na kulibana tu. Wapo pia wanaosema kwamba risasi husinyaa inapopoa na kuacha nafasi pembeni mwa shina. Mambo ni kinyume chake, kwa sababu kuanzia pale inapoganda hadi kufikia joto la kawaida risasi husinyaa zaidi ya mara mbili ya chuma, na kwa kuwa imelizunguka shina pande zote, hulikaza. Hata hivyo mbano huo ni mdogo mno: kwenye shina lenye unene wa milimita 1.5, tofauti ya usinyaaji haifiki sehemu moja ya mia ya milimita, na risasi isiyochanganywa ni laini kiasi kwamba hulegea taratibu ikikaa chini ya mkazo. Shina la mviringo lililonyooka halina kingine cha kulizuia lisizunguke. Ndiyo maana mpini wa shoka hauchongwi mviringo kamili.

Wengi wetu huku huchukua ndoano za migonzo ya sangara (kamba ndefu zenye ndoano nyingi), kwa kuwa ndizo tulizozizoea na ndizo zinazopatikana kwa urahisi, kisha wanazimiminia risasi. Ni ndoano nzuri kwa kazi yake, lakini shina lake limenyooka. Ndoano ya chambo cha risasi huwa na kona karibu na tundu la kufungia mshipi, kwa kawaida ya nyuzi 90 au 60, na kona hiyo ikizikwa ndani ya kichwa, ndoano haiwezi kuzunguka wala kuchomoka bila kukipasua kichwa chenyewe. Anayetumia ndoano iliyonyooka na kulaumu moto anakitafuta kisichokuwepo.

Ikiwa ndoano yako inacheza, iwe na kona au isiwe nayo, usikisie. Chukua kichwa kimoja kibovu, kipasue kwa patasi kufuata mstari wa shina, kisha uangalie alama iliyobaki ndani ya risasi. Alama iliyojaa, laini na inayong'aa inaonyesha kwamba risasi ilifika kila mahali, kwa hiyo kosa ni la umbo la ndoano. Alama yenye makunyanzi na mapengo inaonyesha kwamba risasi iliganda kabla ya kulizingira shina, na hapa kweli ubaridi unahusika. Lakini mara nyingi kilichokuwa baridi ni kalibu (umbo la kumiminia risasi) au ndoano, si risasi iliyomo chunguni. Ndoano nene ikiingizwa ikiwa baridi huigandisha risasi inayoigusa mara moja. Funga kalibu ndoano ikiwa ndani, iache kando ya jiko ipate joto, na vichwa vya mwanzo virudishe chunguni bila huruma. Vitobo vidogo vya mviringo kando ya shina ni mapovu ya mafuta ya kiwandani ambayo hayakufutwa.

Alama ninayokutana nayo zaidi, na ambayo hakuna anayetaka kuisikia, ni ile iliyo pana kuliko shina kwa upande mmoja. Maana yake ni kwamba ndoano ilisogea risasi ikiwa bado haijakaza. Ama mfereji wa kalibu, yaani mahali shina linapolala, ni mpana kuliko waya wa ndoano, na ushahidi wake ni ule ukingo mwembamba wa risasi unaotokeza karibu na tundu, ama fundi amefungua kalibu mapema na kuivuta ndoano kwa koleo. Pata ndoano inayolingana na mfereji. Subiri. Kidimbwi cha risasi kilichobaki mdomoni mwa kalibu kikishapoteza mng'ao wa majimaji, hesabu kidogo zaidi, kisha ufungue, na ushike risasi, usishike ndoano.

Kuongeza moto kuna hasara nyingine. Vyuma vya kusawazishia magurudumu, ambavyo wengi huviyeyusha, siku hizi vingine ni vya zinki, na zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420. Ukikaa chini ya hapo, vipande vya zinki huelea na unaviopoa; ukizidisha, huingia ndani ya risasi na kuifanya nzito kumiminika. Moto mkali pia huongeza vumbi na moshi wenye sumu. Fanyia kazi hii nje, mbali na watoto, kwa chombo ambacho hakitapikiwa tena, na usiweke kitu chenye unyevu chunguni, kwani risasi itaruka. Betri za magari usiziyeyushe kabisa.

Kwa asiyepata ndoano yenye kona, njia ninayoiamini ni kuliandaa shina lenyewe: lisugue kwa msasa hadi chuma king'ae, lipake dawa ya kulehemu ya majimaji, lifunike kwa lehemu ya bati, lioshe na ulikaushe kabisa, ndipo umimine. Bati huungana na chuma, na risasi huungana na bati, kwa hiyo hapo pekee ndipo neno "kushikana" linapostahili kutumika. Kupinda shina kwa kulipasha moto karibu na tundu nako huzuia kuzunguka, lakini chuma hupoteza ugumu wake mahali palipopashwa, na kwa sangara mkubwa bado sijaridhika kwamba kona hiyo haitanyooka. Kwa sato na sangara wadogo naitumia. Kwa wakubwa napaka bati.